Tuanze Kuhesabu Spea

Simu ya mjomba ilinikuta Sofu, nimekaa kibarazani kwa mzee jirani yetu, tunakunywa chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha. Kwa wale mnaoijua Kibaha kwa kuichungulia tu dirishani mwa basi la Morogoro, Sofu ni moja ya kata za Kibaha Mji, mahali watu wanajenga kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka kesho lenta, Mungu akipenda. Mzee huyu ni fundi mstaafu wa malori. Mjomba yeye ni mkulima wa Kilosa. Alichotaka kuniambia kilikuwa kifupi: "Mjomba, lile trekta limelala tena. Pampu ya haidroliki."

Ndugu msomaji, kama hujawahi kukaa karibu na trekta ngoja nikueleze kidogo. Trekta likifa pampu ya haidroliki linawaka vizuri tu, linatembea, taa zinawaka na honi inalia. Kitu kimoja tu haliwezi: kunyanyua jembe. Kwa hiyo unabaki na chombo cha kwendea sokoni kwa mwendo wa kobe huku kikinywa dizeli. Na ilikuwa Desemba, mvua zimeshagonga mabati, majirani wako shambani.

Trekta lenyewe mjomba na wenzake wawili walilinunua kwa mkopo, jipya, plastiki za kiti hazijatolewa. Aina yake siitaji, wala aliyewauzia simtaji, maana ugomvi wangu hauko dukani kwake. Mimi kwa kuwa ndiye ninayeishi karibu na Dar nikatumwa Kariakoo. Nikapanda basi kesho yake na ile oili sili iliyokatika, nimeifunga kwenye gazeti (gazeti langu mwenyewe, lenye makala yangu, nadhani ndiyo kazi ya maana kuliko zote iliyowahi kufanya makala ile).

Mtaa wa Gerezani mnaujua. Ukiwa na hela utapata kila kitu kuanzia bonneti la Corolla mpaka tairi la greda. Nikaingia duka la kwanza, kijana akafungua gazeti, akaitazama ile sili, akauliza: "La Massey hili?" Nikasema hapana, nikataja aina. Akafunga gazeti. Duka la pili: "La Massey?" La tatu hivyo hivyo. La nne mwenye duka, baba wa makamo, alinionea huruma, akaniuliza namba. Namba gani? "Namba ya spea, kijana. Ipo kwenye kitabu." Nikampigia mjomba. Kitabu alichonacho ni kile cha kuonyesha jinsi ya kuwasha na mahali pa kutia mafuta, kina picha nzuri za mzungu ametabasamu shambani. Namba za spea hamna.

Basi nikapimiwa kwa macho. Tukapata ya kufanania, mjomba akaifunga, ikashika siku mbili. Kufika iliyo sahihi kwa njia ya aliyewauzia, Februari ilikuwa imekwisha. Ekari walizolima msimu ule zilikuwa chache kuliko walizokuwa wakilima kwa trekta la kukodi, na marejesho ya mkopo hayajui habari za oili sili.

Nimeanza na hili kwa sababu kila tukijadili viwanda vya kuunganisha mashine, mjadala unakwenda kwenye idadi. Matrekta mangapi, malori mangapi kwa mwaka, ajira ngapi. Mimi nasema tumekosea cha kuhesabu. Na mahali pazuri pa kulisemea ni hapa hapa Kibaha, kwa sababu sidhani kama kuna mji mwingine Tanzania uliojaribu jambo hili mara nyingi kama huu.

Mzee wa Sofu alifanya kazi TAMCO. Vijana wengi wa leo wanadhani TAMCO ni jina la kituo cha daladala. Kilikuwa kiwanda cha umma cha kuunganisha malori ya Scania kwa ushirikiano na Waswidi. Vipande vinashuka bandarini, vinapanda mpaka Kibaha, vinatoka vikiwa lori linalojiendesha. Baadaye, miaka ya 1980, yakaja matrekta ya Valmet kutoka Ufini, nayo yakaunganishwa hapa Kibaha. Hebu fikiria, mashine ya nchi ambayo miezi kadhaa ya mwaka wanatembea juu ya theluji kwa pikipiki zisizo na magurudumu, inakuja kulima mbuga nyeusi za kwetu! Jirani nao Nyumbu, wanajeshi wetu, wakipewa kazi ngumu kuliko wote ya kubuni gari la Mtanzania kuanzia mwanzo. Shirika lenyewe liliundwa rasmi mwaka 1985.

Nilimuuliza mzee nini kiliwaua. Sikutegemea jibu lake. Hakusema wizi, hakusema uvivu. Alisema dola. Kila lori lililotoka pale lilikuwa na tumbo la vitu vya nje, na nchi ilipoishiwa fedha za kigeni mwanzoni mwa miaka ya 1980, vipande vikawa haviji. Yapo malori yaliyosimama uani yakisubiri kitu kimoja. Halafu mwaka 1984 serikali ikalegeza masharti, mwenye dola zake akaruhusiwa kuagiza bidhaa mwenyewe, mitumba ikaanza kuingia, na kiwanda kinachounganisha lori jipya kwa gharama kubwa kikakutana na lori kuukuu kutoka Ulaya kwa bei ya kutupa. Hapo hata ukiwa na mafundi hodari namna gani, utafanya nini?

Lakini kuna jambo mzee alilisema kwa fahari, na ndilo lililonifanya nikae kuandika. Scania zilipoacha kuunganishwa Kibaha, hazikufa barabarani. Mafundi walikuwepo, vitabu vya namba za spea vilikuwepo, na kwa kuwa zilikuwa nyingi, wafanyabiashara waliona faida kuleta spea zake, mpya na zilizotumika. Kiwanda kikafa, lori likabaki. Angalieni hilo, wadau. Kilichoiweka Scania barabarani ni rafu ya spea iliyokuwa nje ya geti la kiwanda.

Sasa twende kwenye mfano wa karibuni, ambao wengi wenu mnaukumbuka. Mwaka 2015 Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, liliingia mkataba na kampuni ya Ursus ya Poland: matrekta 2,400, thamani dola milioni 55, fedha zikitokana na mkopo wa masharti nafuu wa serikali ya Poland. Yaje nusu yameungwa, yamaliziwe Kibaha, eneo la TAMCO. Mwaka 2017 makontena yakaanza kufika. Tulishangilia, na mimi nilikuwa mmoja wa walioshangilia, sitaki kujifanya leo kwamba niliona mbali. Ahadi ilikuwa nzuri: matrekta ya nguvu mbalimbali, vituo vya mauzo na matengenezo mikoani, mkulima alipe kidogo kidogo.

Kilichofuata mnakijua. Matrekta yaliyofika hayakukaribia idadi ya mkataba. Bungeni yakaanza maswali juu ya ubora, juu ya spea, juu ya wakulima waliochukua trekta na sasa liko juu ya mawe. Na wakati sisi tunaulizana huku, kule Lublin kampuni yenyewe ilikuwa inazama. Mwishoni mwa 2018 iliingia katika taratibu za kunusuriwa na wadai, mwaka 2021 mahakama ikatangaza imefilisika, na mwaka 2024 mali zake zikanunuliwa na mfanyabiashara wa Ukraine.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya mkulima wa Manyara au Rukwa mwaka 2021. Trekta unalo. Deni unalo. Aliyelitengeneza mahakamani, aliyeliunganisha anasubiri aliyelitengeneza. Utampigia nani simu?

Wapo wanaosema tulichagua kampuni mbovu. Mimi siamini ni rahisi hivyo. Ursus si kampuni ya juzi, ilianza Warsaw mwaka 1893. Na isitoshe, Wapoland wenyewe walishapita kwenye njia hii hii tunayopita sisi. Mwaka 1974 walisaini mkataba na Massey Ferguson na Perkins ili watengeneze matrekta ya Kiingereza katika kiwanda cha Ursus. Unajua trekta la kwanza la mkataba ule lilianza kuzalishwa kwa wingi lini? 1984. Miaka kumi! Nchi yenye wahandisi, yenye viwanda vya chuma, yenye reli. Moja ya mambo yaliyowasumbua ni vipimo: michoro ya Waingereza ilikuwa ya inchi, viwanda vya Poland vinapima kwa milimita. Nati ya huku haiingii bolti ya kule. Madeni ya nje yakawabana juu yake. Kwa hiyo yule aliyekuja kutuuzia ushirikiano alikuwa ameshaonja joto ya kuwa mshirika mdogo. Ningekuwa mimi mezani siku ile ya kusaini, swali langu la kwanza lingekuwa: nyie mlipopewa Massey, mlijuta kutodai nini?

Ethiopia nao walikuwa wametangulia. Mwaka 2013 shirika lao la METEC lilinunua matrekta 3,000 ya Ursus hiyo hiyo kwa dola milioni 90, yakaunganishwe Adama. Sijui kama sisi tulituma mtu kwenda kukaa na mafundi wa Adama japo wiki moja kabla ya kusaini wetu. Natamani tungekuwa tumetuma, na si mkurugenzi, fundi.

Jambo hili halikuanza na Wapoland pia. Kilimo Kwanza kilipozinduliwa mwaka 2009, halmashauri ziliagizwa kununua pawatila angalau 50 kila moja. Nendeni leo nyuma ya ofisi za halmashauri nyingi muone nyasi zimeota katikati ya nini. Ule mkopo wa India wa dola milioni 40 nao ukaleta Farmtrac na New Holland kupitia SUMA JKT, na shirika likahangaika miaka kukusanya madeni. Sababu zilikuwa nyingi, wapo wakopaji ambao hawakuwa na nia ya kulipa tangu siku ya kwanza, tuwe wakweli. Ila hesabuni aina zilizoingia nchini ndani ya miaka kumi tu. Kila aina ina chujio lake, oili sili zake, klachi yake. Kila mfadhili analeta trekta la kwao, na sisi tunashukuru. Duka la Gerezani litaweka rafuni spea za aina ngapi? Yule kijana aliyekuwa ananiuliza "La Massey?" hakuwa mjinga. Massey zipo nyingi kiasi kwamba mtu anaweza kufunga hela yake kwenye mzigo wa spea zake na akalala usingizi. Zinatengenezwa Pakistan, India, Uturuki, na kila fundi wa kijijini alishafungua moja kabla hajaota ndevu.

Upande wa pili nao nisiufiche. Siku ile kibarazani, mzee aliniuliza swali lililoniuma kidogo: "Huyo dereva wa mjomba wako anabadilisha chujio la haidroliki baada ya saa ngapi za kazi?" Nikampigia mjomba. Kimya. Halafu akasema dereva husafisha lile la zamani kwa dizeli na kulirudisha. Mzee akacheka mpaka chai ikamwagika. Pampu yenye mchanga ndani haiwezi kudumu hata ingetoka peponi. Na dizeli yenyewe, kwa jinsi tulivyo mabingwa wa kuchakachua (neno hili lilipata umaarufu lilivyopata kwa sababu ya mafuta, si kura), nozo za injini za siku hizi hazina uvumilivu kama zile za zamani. Mashamba yetu yana visiki. Vumbi letu ni jingine. Mashine iliyozoea udongo laini wa Ulaya ikifika Kiteto mwezi wa kumi inakutana na kitu kama sakafu.

Lakini hilo nalo linarudi pale pale. Kama tunajua dereva wetu yukoje, vumbi letu likoje na dizeli yetu ikoje, kwa nini mkataba uandikwe kana kwamba trekta linakwenda kulima Lublin? Tunacho CAMARTEC kule Arusha, kimekuwepo tangu 1981, na kupima zana za kilimo ni sehemu ya kazi yake. Trekta la aina mpya lipewe CAMARTEC msimu mzima, si wiki, likalime mbuga, likalime kichanga, livute tela la mahindi, lipewe dereva wa kawaida. Kinachokatika kiandikwe. Orodha ya vilivyokatika ndiyo iwe oda ya kwanza ya spea.

Na oda hiyo iwe ndani ya bei. Hapa ndipo ninapotaka tugombane. Ukipewa dola milioni 55, usinunue chuma kinachotembea tu. Punguza matrekta. Ndiyo, punguza! Matrekta 1,500 yenye spea za miaka kumi zikiwa stoo Kibaha, Mbeya, Mwanza na Babati ni mengi kuliko 2,400 ambayo nusu yatakuwa yananyofolewa vifaa ili kuponya nusu nyingine. Waziri hatapenda, najua, maana 1,500 haipendezi kwenye hotuba kama 2,400. Halafu michoro ya zile spea zinazokufa mara kwa mara, pamoja na haki ya kuzitengeneza, ikabidhiwe Nyumbu siku ya kusaini, si baadaye. Mshirika akifilisika, michoro haifilisiki naye. Kama anakataa kutoa mchoro wa pini na bushi, basi huyo ni muuzaji amekuja na jina la ushirikiano.

Kuunganisha peke yake hakufundishi mengi, tusidanganyane. Kontena linafunguliwa, injini na gia boksi vimeshakaa mahali pake, unafunga matairi, betri, kiti, bonneti, unajaza mafuta, unawasha. Ajira ni ajira, siidharau, kuna vijana wa mitaa hii wanaokula kwa kazi hiyo. Lakini wenzetu wa Kenya walifanya kitu kimoja cha busara. Viwanda vyao vya kuunganisha magari vilivyoanza miaka ya 1970, Thika, Mombasa na Nairobi, vilibanwa kutumia baadhi ya vitu vya nyumbani: betri, springi, radieta, ekzosi, viti. Vitu vya kawaida kabisa. Matokeo yake springi ya Isuzu imekatika leo, kuna mtu Nairobi anayejua kuitengeneza kwa sababu alikuwa akiiuzia kiwanda. (Kwenye kubuni gari la kwao wenyewe, ile Nyayo Pioneer ya 1990, nao waliishia kwenye magari ya maonyesho. Hakuna mwenye miujiza.)

Nayaandika haya sasa kwa sababu Kibaha imeanza tena. Tangu mwanzoni mwa miaka hii ya 2020 kampuni ya GFA inaunganisha hapa malori ya FAW ya China, na ukisimama barabara ya Morogoro utayaona yakipita yanang'aa, hayajachafuka. Nayapenda. Natamani yadumu. Lakini mzee wa Sofu yakipita hatazami rangi. Aliniambia anachotaka kujua ni je, ukienda Tunduma na gari hilo likakatikia pale usiku, kuna duka la jirani lenye chujio lake? Akajijibu mwenyewe kwamba kwa malori ya Wachina siku hizi jibu linaanza kuwa ndiyo, kwa sababu yamekuwa mengi. Kwa trekta, akanyamaza.

Mjomba amelipa deni mwaka huu. Hakulilipa kwa kilimo, aliuza kiwanja Dumila. Lile trekta lipo, limefunikwa turubai chini ya mwembe, na fundi mmoja wa pale Kilosa anaendelea kuahidi. Wiki jana alinipigia tena, sauti imechangamka. Ameona Massey kuukuu inauzwa, umri wake unanizidi mimi, rangi imeisha, bonneti hamna kabisa. Alikuwa anaomba nimtazamie bei ya diski ya klachi pale Gerezani.

Nilikwenda. Duka la kwanza tu, kijana alitaja bei kabla sijamaliza sentensi, akauliza nataka ya Pakistan au ya Uturuki.